Akikaa Mmoja

Jumatatu, 6 Mei
Asubuhi: mawingu mazito, upepo kidogo, mvua imekataa kunyesha.

Mwalimu, shikamoo.

Hatujuani. Mimi ndiye niliyepewa vipindi vyako vya michezo baada ya wewe kuhamishwa. Usishangae nimeanza na hali ya hewa. Naandika shajara kila siku na mkono umezoea kuanzia hapo. Tena kwa kazi yetu, mawingu ni habari.

Nimeikuta stoo yako safi. Koni zimepangwa kwa rangi, pete zimetundikwa, vifuko vya mchanga vimeshonwa upya pale vilipopasuka. Nakushukuru. Nimekuta pia duara kubwa la chokaa katikati ya uwanja, na watoto wamenieleza kwamba ndilo lililokupa jina la Mama Duara.

Kilichonifanya nikuandikie ni darasa la nne. Wananikalia. Sijui nisemeje vingine. Tunapasha misuli vizuri, wanajipanga kwa vikosi, wananyoosha mikono kupima nafasi, kila mtu mahali pake. Mchezo unaanza. Halafu katikati ya kukimbia, bila filimbi, bila mimi kufungua mdomo, wote wanakaa chini. Darasa zima, kama taa iliyozimwa. Wananitazama kimya. Baadaye wanainuka wenyewe na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikipuliza filimbi wakati huo, ni sawa na kuupulizia ukuta.

Nimewauliza. Yule mvulana wanayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake akanijibu, "Tulichoka, ticha."

"Mmechoka wote kwa pamoja?"

"Sisi tumezoeana, ticha."

Darasa likaangua kicheko. Hata yule msichana mpole wanayemwita Bi Harusi, kwa vile anavyotembea taratibu kama anayesindikizwa ukumbini, naye akafunika uso akicheka.

Mimi niko kwenye majaribio. Mwalimu mkuu ameniambia bila kuzunguka: mkaguzi anakuja mwezi ujao, na akikuta watoto wamekaa kwenye kipindi cha michezo, kipindi kinafutwa kwenye ratiba na mimi nafunga virago. Mama yangu ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mwalimu. Sitaki awe na tangazo la pili.

Naomba uniambie uliwaachia ishara gani, na naiondoaje.

Wako,
Mwalimu mgeni


Jumanne, 14 Mei

Mwalimu mwenzangu,

Marahaba. Hali ya hewa huku ni joto, ukitaka kuiandika.

Barua yako ina adabu. Mtu nisiyemjua akinijia na adabu nyingi hivyo, mimi hushika mkoba wangu vizuri. Nani kakupa anwani yangu? Na huyo aliyekupa anajua umeandika nini?

Haya, kwa sababu umeuliza kazi, nakujibu kazi. Usiwapange kwenye foleni ndefu. Mtoto anayengoja zamu hatakosa cha kufanya, na hakitakuwa kile ulichopanga wewe. Vikosi viwe vidogo. Vifaa wape viongozi wa vikosi wagawe, usivimwage chini ukawaachia wavipiganie. Usiwaruhusu wachaguane wenyewe. Kuna mtoto atabaki wa mwisho kila wiki na hatasahau mpaka anazeeka. Unapotoa maelekezo, jua likupige wewe usoni, lisiwapige wao. Na filimbi iache ipumzike. Ukiipuliza kwa kila kitu, haitakusaidia siku ya hatari.

Kuhusu kukaa: wakikaa, waache wakae. Watainuka. Hakuna ishara niliyoacha.

Na hizo mbio za kupokezana vijiti ulizoanzisha Alhamisi, zifupishe.

Unalala saa ngapi? Mwandiko wako ni wa mtu asiyelala.

Mama Duara


Jumatatu, 20 Mei
Asubuhi: jua kali mapema, uwanja mkavu, vumbi.

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nasimama pale pale. Mbio za vijiti nilizianzisha Alhamisi baada ya kukuandikia. Sikukutajia. Wewe uko mbali kiasi kwamba barua hukawia njiani kama mgeni asiye na hamu ya kufika. Nani kakuambia?

Anwani alinipa karani wa shule. Nilimwomba mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Nimefanya uchunguzi wangu. Kwanza nilimshuku Spika. Nikamwambia asimame ukutani, uso kwenye matofali, wenzake wacheze. Wakakaa. Na yeye aliposikia nyayo zimenyamaza, akakaa pale pale ukutani bila kugeuka. Nikauliza, "Nani ameanza kukaa?" Mikono yote ikapanda juu. Wote, Mwalimu. Hata Bi Harusi alinyoosha wake, taratibu, kama kawaida yake.

Nikashuku madirisha ya madarasa yanayotazama uwanja, labda mtu anawapa ishara. Nikaomba yafungwe kwa kisingizio cha vumbi. Wakakaa.

Wiki iliyopita nilitega sikio kwenye chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakoroga chai yake, akasema bila hata kunitazama, "Michezo ya shule hii bwana, ni ya kukaa. Mwenzako aliyepita aliondolewa kwa hiyohiyo. Aliulizwa kwa nini watoto wanakaa, akafunga mdomo kama anayelinda benki." Wengine wakacheka. Mimi nikamaliza chai yangu ingawa ilikuwa inaunguza.

Hukuniambia kwamba uliondolewa. Uliniacha niamini kwamba ulihamishwa kama watu wanavyohamishwa.

Nitasema ninachofikiri, maana nikikificha kitaniharibia usingizi. Nafikiri umewafundisha watoto hawa wasimtii mtu mwingine. Nafikiri una mtu hapa anayekupelekea habari zangu. Na nafikiri mimi nikifukuzwa, wewe utaombwa urudi.

Kama nimekukosea, niambie nimekosea wapi.

Mrithi wako


Jumanne, 28 Mei

Binti,

Umenitukana kwa mwandiko mzuri sana.

Sitaki kurudi. Huku nina darasa, nina uwanja wenye mteremko unaopeleka kila mpira kwenye shamba la jirani, na nina jirani mwenye hasira. Vinanitosha.

Ni kweli niliondolewa. Nilikuandikia hivi hivi bila kukuambia kwa sababu kila mtu aliyewahi kuniuliza habari za kukaa alikuwa ametumwa na mwalimu mkuu. Wa kwanza alikuja na matunda. Wa pili alikuja na pole. Wewe umekuja na hali ya hewa. Na bahasha yako ya mwisho ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa gundi tena. Niliigeuza kwenye mwanga, naijua kazi ya gundi. Kwa hiyo kama mwalimu mkuu anaisoma na hii: shikamoo mkuu, za siku nyingi.

Barua zako si barua pekee ninazopokea kutoka huko. Hilo nakubali. Zaidi ya hapo sisemi, maana si langu kusema. Nilitoa ahadi.

Nakuomba kitu kimoja tu, na sijakuomba kingine. Usiwatenganishe. Wacheze unachotaka, ila wabaki wanaonana.

Mama Duara


Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi: ukungu, umeondoka kabla ya kengele ya kwanza.

Mwalimu,

Bahasha niliifungua mimi. Nilikuwa nimeshaibandika nikakumbuka kuongeza ule mstari wa "nimekosea wapi". Nikaifungua, nikaandika, nikabandika tena. Mtu mwenye utaratibu kama mimi hufanya hivyo kila mara, dada yangu ananicheka kwa tabia hiyo. Ndiyo hivyo tu. Kama umenihukumu kwa gundi, na mimi nimekuhukumu kwa vijiti, basi tuko sawa.

Lakini "wabaki wanaonana" ndilo neno lililonifumbua macho. Kumbe ndivyo inavyofanya kazi. Wanatazamana. Mmoja anakaa, anayemwona anakaa, na wa tatu vilevile, mpaka mimi nabaki nimesimama peke yangu kama mlingoti.

Mkaguzi anakuja Jumatano, tarehe kumi na mbili. Nimepanga vituo vinne. Cha kwanza nyuma ya tangi la maji, cha kuruka kamba kando ya ukuta wa vyoo, cha kulenga pete chini ya ngazi, na cha vijiti kwenye njia ndefu ya mbele, pale wageni watakapokaa. Kwenye vijiti kila mkimbiaji atasimama peke yake kwenye koni yake, mgongo kwa anayemletea. Hakuna atakayemwona mwenzake. Nimewagawa upya, walioshikamana nimewaachanisha. Spika yuko nyuma ya tangi, ambako hata akikaa mpaka jioni hakuna atakayejua.

Una siku za kutosha kunijibu. Ukiniambia sababu, na ikiwa sababu ya mtu mzima, nitabomoa mpango wote. Usiponiambia, nitafanya kazi niliyoajiriwa kufanya.

Mrithi wako


Jumatatu, 10 Juni

Binti,

Ya gundi nimekuamini. Ni ujinga unaofanana na ukweli.

Nimemwandikia mwenye siri nikimwomba ruhusa ya kukuambia. Ngoja nipate jibu. Mwambie mkaguzi unaumwa, mwambie koni zimeibwa, mwambie uwanja umefurika. Ila vile vituo uvifute. Na kwenye vijiti, mtu asisimame peke yake. Nakuomba kama mama yako angekuomba.

Naandika haraka, anayebeba barua yuko mlangoni anagonga miguu.

Mama Duara


Ijumaa, 14 Juni
Asubuhi: manyunyu, kisha jua dhaifu. Uwanja mtupu, darasa la nne hawakutoka.

Mama, shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi imenifikia leo mchana. Mkaguzi alikuja juzi.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikieleza bila mpangilio nitaacha kitu.

Wageni walikaa kwenye viti viwili mbele ya ofisi, mwalimu mkuu na mkaguzi, mzee mwembamba mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Watoto walitoka kwa mistari, wakaenda kwenye vituo bila kelele. Nikapuliza filimbi, wakaanza. Nikapuliza, wakabadilishana. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa filimbi yangu ilikuwa filimbi. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatabasamu, Mama. Nakuambia hata hilo.

Zamu ya tatu, vijiti vikamfikia Bi Harusi.

Nilikuwa nimemweka koni ya mwisho. Nilifikiri namsaidia, wa mwisho hafukuzwi na mtu. Alisimama peke yake kwenye ile njia ndefu, wageni wanamtazama. Nilimwona anageuza kichwa, anatafuta. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Nikampigia kelele, "Mbele! Tazama mbele!" Akatazama mbele. Alitaka kukaa, na hakukuwa na mtu wa kukaa naye.

Akapokea kijiti, akakimbia. Alikimbia, Mama, yule anayetembea kama anasindikizwa. Nilipomtazama usoni, midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Akapiga magoti.

Sijui Spika aliona kutoka wapi. Nafikiri alikuwa ameacha kituo chake muda mrefu akichungulia kando ya tangi. Alikuja mbio, na huyu ambaye sauti yake inasikika mpaka barabarani hakusema neno. Alifika, akakaa kwenye vumbi karibu naye. Wa kamba wakatupa kamba, wa pete wakatupa pete. Walikuja kutoka kila upande nilikowaficha, wakakaa kumzunguka, mabega yamegusana, mpaka pale nilipokuwa nimesimama sikumwona tena. Wageni wasingeweza kujua katikati yao kuna nani. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitazama tangu Mei.

Mwalimu mkuu akaita, "Mwalimu, wainue hao."

Filimbi ilikuwa mdomoni. Niliitoa. Nikaingia katikati, nikakaa.

Nilimwekea mkono mgongoni. Moyo wake ulikuwa unapiga kama ndege aliyeingia chumbani akakosa dirisha. Nikamwambia avute pumzi na mimi, tukavuta, watoto wote nao wakavuta. Akanong'ona, "Usiwaambie, ticha. Watanitoa."

"Nani atakutoa?"

"Shule ya kwanza walinitoa. Walisema nitawafia."

Spika akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mama Duara alituambia akikaa mmoja tukae wote, asijulikane. Na wewe ulikuwa unatuuliza kila siku nani ameanza."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mkaguzi akaja mpaka pale tulipo. "Hili ni zoezi gani?"

"La kupumua, mheshimiwa."

"Lipo kwenye andalio la somo?"

"Litakuwepo."

Alilamba kidole, akafungua ukurasa, akanitazama mimi, akawatazama watoto mmoja mmoja kama anayetafuta aliyeiba. Kila aliyemtazama alivuta pumzi kwa nguvu zaidi. Akaandika kitu akaondoka.

Rangi ya midomo ilipoanza kurudi nilimwinua, nikamtoa kwa lango la nyuma, nikampeleka hospitali mwenyewe. Mama yake alitukuta pale. Walimlaza.

Jioni ya siku hiyo mwalimu mkuu aliniita. Hakunipa kiti. "Umekuwa kama yule mwenzako. Na yeye nilimuuliza kwa upole, akakataa kusema. Mnanificha nini kwenye shule yangu?" Nikamwambia nilipanga zoezi mwenyewe. Akasema, "Jumatatu nataka maelezo kwa maandishi. Kama ni hayo hayo, usijisumbue kuja na filimbi."

Nilitoka ofisini mwake nikikufikiria wewe, umesimama kwenye sakafu ileile, umefunga mdomo kama anayelinda benki. Na mimi nikakuandikia kwamba unataka kurudi kwenye nafasi yako. Nisamehe.

Tangu juzi sijalala. Nilikuwa najilaza na nguo za kutokea ili mtu akija na habari nisichelewe.

Leo jioni mtu akapiga hodi. Alikuwa mama yake Bi Harusi. Nilimtazama mikononi kwanza, kabla ya usoni, sijui kwa nini. Alikuwa amebeba kikapu cha nguo za hospitali.

"Ametoka," akasema. "Wamembadilishia dawa. Sasa hivi yuko nyumbani anadai chakula."

Nilimkaribisha ndani. Nikamsogezea kiti. Kisha nikamuuliza, "Ni wewe unayemwandikia Mama Duara habari zangu?"

"Ni mimi. Kila siku ya kipindi chenu nilikuwa nasimama nje ya uzio. Nilikuona ukimsimamisha yule mvulana ukutani. Nikasema huyu ni mtu wa mwalimu mkuu, huyu."

"Mimi nilidhani wewe ni mtu wa Mama Duara."

"Basi tulikuwa tunachungana." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Barua yake ya kuomba ruhusa niliipata nikiwa hospitalini. Nimechelewa. Nilikuwa naogopa, mwalimu. Nimeogopa mpaka nimekaribia kumuua kwa kumficha."

Nikamwambia kwamba sitasema lolote Jumatatu kama hataki. Kwamba nitaandika lile lile, zoezi la kupumua, na kuweka sahihi. Nilimaanisha. Mama yangu atapata tangazo lake la pili, basi.

Akatikisa kichwa. "Nimemuuliza mwenyewe. Siri ni ya kwake. Unajua kanijibu nini? Kasema, mwambieni mwalimu mkuu. Ila wakinikalisha pembeni peke yangu, sikai."

Kwa hiyo Jumatatu tunakwenda ofisini pamoja, mama yake na mimi, na cheti cha daktari. Daktari ameandika kwamba mtoto ana ugonjwa wa moyo, ila anaweza kucheza kwa kiasi chake na kupumzika anapotaka. Sijui mwalimu mkuu atasema nini. Anaweza kumtoa mtoto, anaweza kunitoa mimi, anaweza kututoa wote wawili kwa mlango mmoja. Lakini atatuambia usoni, na safari hii hatakuwa na mtu wa kumtuma.

Andalio la somo la wiki ijayo nimeshaliandika. Hakuna vituo. Duara la chokaa nitalichora upya Jumatatu asubuhi kabla ya kengele, mvua ikiniruhusu. Chini ya "kanuni za mchezo" nimeandika: mchezaji yeyote anaweza kukaa wakati wowote, akikaa mmoja, wote hukaa, pamoja na mwalimu, haulizwi mtu nani ameanza.

Ukiona pa kurekebisha, rekebisha. Ulianza wewe.

Mwanao,
Mwalimu wa michezo, darasa la nne

Jumamosi asubuhi, anga safi. Nimeifungua tena bahasha hii, ndiyo maana utaona gundi mara mbili. Uliwahi kuniuliza nalala saa ngapi, na sikukujibu. Jana nilipitiwa na usingizi saa tatu na nusu usiku, taa ikiwaka.